Kilemba cha Fundi Asiyeonekana: Ombi la Bakshishi katika Programu za Bure za Saa Janja

Miongoni mwa njia ambazo msanidi wa programu, yaani mtu anayebuni na kuandika programu za kompyuta, simu na vifaa vya aina hiyo, anaweza kujipatia riziki, ombi la bakshishi ndiyo inayomwachia mtumiaji uhuru mkubwa kuliko zote, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayokwama upesi kuliko zote. Programu hutolewa bure, hufanya kazi yake nzima bila sehemu yoyote kufungwa, kisha mahali fulani ndani yake huandikwa kwamba aliyeridhika anaweza kutoa chochote alichonacho. Katika saa janja, yaani saa ya mkononi yenye kioo cha kugusa, inayopima mapigo ya moyo na hatua na kuwasiliana na simu, ombi hili limeenea sana, kwa kuwa programu zake nyingi ni ndogo mno, pengine sura moja tu ya saa au kihesabio cha mizunguko ya uwanja, kiasi kwamba kuzitoza bei kamili huonekana kama kumtoza mtu nauli ya kuvuka barabara. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika kaunti za Meru na Embu nchini Kenya, ambako kuchanga ni desturi iliyozama katika maisha ya kila siku, ombi hilo halikwamishwi na uchoyo wa watu, bali hukwama kwa sababu huletwa kabla kazi haijaonekana, kwa maneno yasiyo na heshima ya mahali, na kupitia njia inayolificha jina la mtu anayepewa.

Saa zenyewe zinahitaji kutofautishwa kwanza, kwa sababu si kila saa inayoitwa janja inaweza kupokea programu ya mtu baki. Nyingi za zile zinazouzwa kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya simu huendeshwa na mfumo uliofungwa kiwandani, hivyo mwenye saa hawezi kuongeza humo programu iliyoandikwa na mtu mwingine, na anachoweza ni kupakua kwenye simu programu inayosoma takwimu zilizokusanywa na saa. Miongoni mwa zinazopokea programu za nje ni zile zinazotumia Wear OS, mfumo wa Google ambao Samsung ilijiunga nao mwaka 2021, pamoja na Apple Watch, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, na saa za Garmin zenye duka lao la programu liitwalo Connect IQ. Duka hilo la Garmin kwa miaka mingi halikuwa na utaratibu wa kuuza programu, na la saa za Fitbit vilevile, kwa hiyo wasanidi walizoea kuweka katika maelezo ya programu zao kiungo cha kutumiwa pesa, na wengi waliotumia programu hizo hawakukisoma kamwe. Bakshishi ya saa janja, kwa asili yake, ilizaliwa pale ambapo mlango mwingine wa malipo haukuwapo, na bado ina alama za kuzaliwa huko: huonekana kama maneno yaliyochomekwa mwishoni na mtu mwenye haya.

Ili kuelewa kwa nini maneno hayo hayagusi moyo wa msomaji wa miji ya kaunti hizo kama Nkubu au Runyenjes, inafaa kutazama jinsi hiari inavyofanya kazi sokoni. Mnunuzi wa maharagwe katika soko la Gakoromone, mjini Meru, hupimiwa kwa gorogoro, mkebe wa bati unaobeba takribani kilo mbili, na muuzaji hujaza mkebe huo mpaka maharagwe yafanye kilima juu ya ukingo, akaumimina katika mfuko wa mnunuzi, kisha akachota ukufi mmoja zaidi na kuuongeza juu. Ukufi huo ndio nyongeza. Haumo katika bei, haudaiwi na sheria yoyote, lakini mnunuzi anayenyimwa nyongeza huona kwamba amepimiwa na mtu asiyemjali, na siku ya soko ijayo hupita mbele ya meza hiyo bila kusimama. Katika mpango huu zawadi ya hiari hutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, nayo huja baada ya kipimo kinachoonekana kwa macho na kukubaliwa na pande zote mbili.

Programu ya bure inaupindua mpango huo wote. Mtumiaji anapewa nyongeza tupu ambayo haikutanguliwa na gorogoro, kisha anaombwa yeye ndiye aongeze. Haoni kilichopimwa, hajui kazi ilichukua siku ngapi, hajui kama kuna gharama inayoendelea au kama programu iliandikwa mara moja na kuachwa, na kwa kuwa hakupewa kipimo, hana pa kuanzia anapotaka kukadiria shukrani yake. Watu huambiwa kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na methali hiyo ni ya kweli kabisa, lakini moyo nao huhitaji kujua unatolea nini. Msanidi anayeandika tu kwamba programu ni bure na michango inakaribishwa amemwachia mtumiaji kazi ya kukisia, na mtu anayekisia huahirisha.

Neno linalotumika kuombea lina uzito wake pia. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya malipo yasiyodaiwa, na kila moja lina mazingira yake. Bakshishi, lililotoka Uajemi na kupitia kwa Waarabu, humhusu zaidi mhudumu wa hoteli au mbeba mizigo, yaani mtu aliye chini ya mtoaji kwa wakati ule, hivyo msanidi anayelitumia hujishusha bila kutaka. Wasanidi wa Ulaya na Marekani huomba wanunuliwe kikombe cha kahawa, na tafsiri ya ombi hilo hufika vibaya katika nchi hii ya milimani, ambako mkulima wa Embu huipeleka kahawa yake kiwandani ikiwa mbivu na nyekundu, akangoja miezi kadhaa kulipwa, na nyumbani akanywa chai ya maziwa. Anayedhani kwamba dawa ni kuomba chai badala ya kahawa ameingia katika shimo kubwa zaidi, kwa kuwa nchini Kenya chai, sawa na kitu kidogo, ni jina la hongo linalofahamika na kila abiria aliyewahi kuona gari likisimamishwa kizuizini, na ombi la chai linalotokea katika kifaa cha kupimia moyo haliwezi kusomwa bila kivuli hicho.

Maneno mawili ya zamani yanafaa zaidi. La kwanza ni kutuza, ambalo katika taarabu ya pwani humaanisha kuinuka kitini, kumwendea mwimbaji aliyegusa jambo la moyoni, na kumpa noti mbele ya ukumbi mzima, wimbo ukiwa unaendelea. La pili, ambalo linastahili kukaliwa kwa muda, ni kilemba. Katika desturi ya mafundi na walimu wa Waswahili, mwanafunzi aliyehitimu ufundi alimpa mwalimu wake kilemba, mwanzoni kitambaa chenyewe cha kichwani na baadaye pesa au kitu kingine cha thamani, ikiwa ni ishara kwamba elimu imepokewa na imefaa. Kilemba hakikuwa mshahara, kwa maana hakikulingana na saa za kazi, wala hakikuwa sadaka, kwa maana aliyepewa hakuwa mhitaji bali mtu aliyeheshimiwa. Kilitolewa mwishoni, kikatolewa kwa jina, na kikampandisha hadhi anayepokea. Lugha ikawa na busara ya kuhifadhi pia jina la kinyume chake: kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa maneno yasiyo na kitu ndani, kama kilemba kilichosokotwa kwa nyasi kinachonyauka jua linapopanda. Nyota tano na maneno matamu ambayo watumiaji huyaandika chini ya programu za bure, zisipoambatana na chochote, ni kilemba cha ukoka, na wasanidi wengi wachanga wamevikwa hicho hadi wakachoka na kuacha.

Historia ya jambo hili duniani ni ndefu kuliko historia ya saa janja. Mwaka 1982, nchini Marekani, Andrew Fluegelman alitoa programu ya mawasiliano ya kompyuta iliyoitwa PC-Talk, akaruhusu watu wainakili na kuwapa wenzao, na kumwomba kila aliyeiona ya manufaa amtumie dola 25. Jim Knopf naye, aliyejulikana kwa jina la Jim Button, alifanya karibu vilevile mwaka huo huo kwa programu yake ya kutunza kumbukumbu, PC-File. Wote wawili walipata zaidi ya walivyotarajia, na wote waliomba kiasi kilichotajwa. Kinyume cha mfano huo kilionekana Aprili 2014, ilipogunduliwa kasoro kubwa ya kiusalama iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu ya bure iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia, zikiwamo za benki na maduka. Ndipo walimwengu walipofahamu kwamba mradi huo ulikuwa ukipokea michango ya hiari ya takribani dola 2,000 kwa mwaka. Hakuna aliyekusudia kuwanyima watunzaji wake. Programu hiyo haikuwa na uso wala jina lililoonekana, na iliyatumikia mamilioni ya watu bila mmoja wao kujua kwamba anatumikiwa.

Kati ya miisho hiyo miwili kuna mfano wa Afrika Mashariki unaopaswa kujulikana zaidi hapa nyumbani. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa programu ya uandishi ya Vim kwa umma mwaka 1991, alifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo lililokuwa limeumizwa vibaya na ukimwi, na aliporudi kwao aliiwekea Vim, iliyokuwa ya bure, ombi moja: aliyependezwa nayo awasaidie watoto wa Uganda kupitia shirika dogo aliloliunda. Kwa miaka mingi, hadi alipofariki Agosti 2023, ombi hilo lilionekana katikati ya ukurasa mtupu unaotokea programu inapofunguliwa bila faili, na lilitoweka mara mtumiaji alipoanza kuandika. Halikumzuia mtu, halikurudi katikati ya kazi, halikuhesabu siku. Waandishi wa programu wa nchi nyingi, ambao wasingeweza kuonyesha Uganda ilipo kwenye ramani, walilijua jina hilo kwa kuliona kila asubuhi. Adabu ile ya ombi, kukaa pembeni mwa kazi na kuondoka kazi inapoanza, ndiyo inayokosekana katika programu nyingi za saa, ambazo humuuliza mtumiaji akiwa katikati ya kupanda mlima.

Katika ulimwengu wa saa janja wenyewe, kisa chenye mafunzo ni cha Pebble. Saa hiyo ilianza mwaka 2012 kwa michango ya watu wa kawaida iliyopita dola milioni 10 katika tovuti ya Kickstarter, ikafa kibiashara Desemba 2016, na mali zake zikachukuliwa na Fitbit. Seva, yaani kompyuta za mbali zilizokuwa zikizihudumia saa hizo, zilipokaribia kuzimwa mwaka 2018, kikundi cha watu wa kujitolea kiitwacho Rebble kilijenga seva mbadala, kikaacha huduma za kawaida ziwe bure, na kikaomba dola 3 kwa mwezi kwa vitu viwili pekee, utabiri wa hali ya hewa na uandishi kwa sauti, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa vikikigharimu kikundi pesa kila vilipotumiwa. Wenye saa walionyeshwa gorogoro lenyewe. Walijua pesa inakwenda wapi na kwa nini sehemu nyingine haitozwi, na saa iliyokwisha tangazwa kuwa imekufa ikaendelea kusoma hali ya hewa mikononi mwao.

Katika Meru na Embu, hata hivyo, neno hiari haliwezi kujadiliwa bila kugusa harambee, kwa kuwa ndiko watu wengi walikojifunza uzuri wake na pia maumivu yake. Jomo Kenyatta alilifanya neno hilo wito wa taifa mwaka 1963, na katika miaka iliyofuata shule, zahanati na miradi ya maji ya milimani ilijengwa kwa michango iliyoandikwa katika madaftari na kusomwa kwa sauti, jina kwa jina na kiasi kwa kiasi. Chuo cha teknolojia kilichoanzishwa Nchiru mwaka 1983, ambacho tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilisimama juu ya ardhi iliyotolewa na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na wanafunzi wanaojifunza leo kuandika programu katika kampasi ile wanakaa, kwa maana halisi, juu ya zawadi ya hiari. Lakini harambee hiyo hiyo ilipita njia ambayo machifu walikusanya michango kama kodi, watumishi wa umma wakapelekewa kadi wasizoweza kukataa, na wanasiasa wakagawa vitita hadharani, hata Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikawawekea maafisa mipaka ya kukusanya michango, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto akatangaza kuwazuia kabisa kushiriki. Hiari yashinda utumwa, lakini ni pale tu anayekataa anapoweza kwenda zake bila kuadhibiwa. Programu ya saa inayojitangaza kuwa ya bure, kisha ikaleta ombi lile lile kila jioni, ikaficha kitufe cha kukataa kwa herufi za kijivu, au ikamwonyesha asiyetoa uso wa huzuni, imefanya kazi ya yule chifu wa kadi, na mzee wa Mbeere aliyewahi kupelekewa kadi hizo huitambua mara moja.

Upande wa pili wa urithi huo huonekana kila Juni katika hifadhi ya Lewa, kaskazini mwa Kaunti ya Meru, ambako mbio za Lewa Safaricom Marathon zimefanyika tangu mwaka 2000 na wakimbiaji hukusanya michango ya kuhifadhi wanyamapori na kusaidia shule na afya za jamii zinazopakana na hifadhi. Mahali hapo saa za kupimia mwendo hukutana na utoaji wa hiari katika mkono mmoja: mkimbiaji anayetazama kifundo cha mkono wake kujua kama anamudu kilomita 21 kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 ameshawaomba jamaa na wafanyakazi wenzake wamchangie, nao wametoa kwa sababu wanamjua, wanajua anakokimbilia, na watauona mwisho wa mbio. Msanidi wa programu inayohesabu mwendo ule ule, aliyekaa chumbani mwake bila kuonekana na mtu, anaomba kutoka kwa watu wasiojua hata kama ni mtu mmoja au kampuni.

Kutoonekana huko huzidishwa na njia ya malipo. Maduka makubwa ya programu, la Apple na la Google, hutaka kwa kawaida malipo ya vitu vya kidijitali yapite katika mifumo yao. Apple iliruhusu rasmi bakshishi mwaka 2017, lakini kwa sharti kwamba ipitie kwake kama ununuzi mwingine wowote wa ndani ya programu. Tangu mwaka 2021 maduka yote mawili huwakata wasanidi wadogo asilimia 15 badala ya 30 ya zamani. Msanidi hulipa pia ada ya kujisajili, dola 25 mara moja kwa Google na dola 99 kila mwaka kwa Apple. Kwa kiwango cha takribani shilingi 129 kwa dola, ada hiyo ya Apple inakaribia shilingi 12,800, na ikiwa kila mtoaji atatoa shilingi 100 ambazo baada ya makato zinabaki 85, msanidi wa Embu anahitaji watu wapatao 150 kila mwaka kabla hajajinunulia hata sukari. Hesabu hiyo haionekani popote katika maombi mengi ya bakshishi, ingawa ndiyo gorogoro ambalo mtumiaji angependa kulitazama, na hakuna aibu yoyote kuiandika.

Pembeni mwa maduka hayo ipo njia ambayo wakazi wa kaunti hizi huitumia kulipia karibu kila kitu. M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom Machi 2007, huruhusu tangu Januari 2021 kutuma kiasi kisichozidi shilingi 100 bila ada yoyote, na kupitia mfumo wa Daraja, ambao ni lango la kuziunganisha programu na huduma hiyo, msanidi anaweza kuleta kwenye simu ombi la malipo linalojitokeza lenyewe, ambalo wafanyabiashara huliita STK, mtumiaji akabaki na kazi ya kuweka namba yake ya siri tu. Kabla pesa haijaondoka, huduma ya Hakikisha humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji, na baada yake huja ujumbe wa uthibitisho wenye jina lile lile. Risiti ya duka la programu hutoka kwa mwenye duka. Tofauti kati ya risiti hizo mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa katika ya kwanza mtu amempa fundi kilemba, na katika ya pili amelipa bili. Pale ambapo kanuni za duka haziruhusu njia hiyo ndani ya programu, msanidi hana budi kuzitii, lakini ni haki kusema kwamba kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya nchi ambako kadi ya benki ndiyo mkoba wa kila mtu, na kwamba mamlaka za ushindani za Afrika Mashariki zina sababu nzuri ya kuzihoji.

Majira ya mapato nayo yanaipa bakshishi nafasi ambayo ada ya kila mwezi haina. Mkulima wa chai anayepeleka majani katika kiwanda cha Imenti, Githongo, Mungania au Rukuriri hulipwa kiasi kidogo kila mwezi, kisha baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwishoni mwa Juni hungoja malipo ya pili, yale yanayoitwa bonasi, ambayo kwa kawaida hufika kabla ya Oktoba kwisha na ndiyo hujenga nyumba na kulipa karo. Mkulima wa miraa wa Igembe hushika pesa taslimu siku anayochuma, na wa kahawa hungoja kuliko wote. Kumwambia mtu wa mapato ya namna hiyo alipe shilingi 300 kila tarehe mosi ni kumpa mkataba atakaouvunja Februari, ilhali ombi la hiari lisilo na tarehe linaweza kukutana na bonasi. Kwa hiyo, katika maeneo haya bakshishi inaweza kuwa njia ya malipo yenye akili kuliko usajili wa mwezi, mradi msanidi asiitegemee kuwa mshahara. Hawezi kuishi kwayo, na anayemwambia kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Embu kwamba ataishi kwayo anamdanganya. Inaweza kulipa ada za maduka, umeme, na muda wa kurekebisha kasoro, na hicho si kidogo kwa programu ambayo vinginevyo ingeachwa ife.

Njia mbadala inayovutia wengi ni kuacha kuomba kabisa na kuuza taarifa za mtumiaji kwa watangazaji, na hapo ndipo jambo linapokuwa zito kuliko shilingi 100. Saa janja hukaa juu ya ngozi mchana na usiku. Inajua moyo ulipopiga haraka, saa ngapi mtu alilala na kama alilala. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa data nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada, na Wakenya walikumbushwa thamani ya miili yao Agosti 2023, serikali iliposimamisha mradi wa Worldcoin uliokuwa umewapanga maelfu ya watu foleni jijini Nairobi kupigwa picha za mboni za macho ili wapewe sarafu za kidijitali. Mkono mtupu haulambwi, na msanidi asiyepewa chochote kwa uwazi hushawishika kujilipa kwa siri. Ombi la bakshishi lililoandikwa kwa unyoofu ni pia tamko kwamba mapigo ya moyo ya mwenye saa hayajauzwa, na lingefaa kuyasema hayo kwa maneno yanayoeleweka.

Lisemwe wapi, na lini? Kioo cha saa kina upana unaokaribia kifuniko cha chupa ya soda, na mtu hukitazama kwa sekunde chache akiwa anatembea, akiendesha au akichuma majani ya chai. Si mahali pa kusomea maelezo wala pa kuwekea namba ya siri ya pesa. Ombi linafaa kuletwa kwenye simu, baada ya programu kutumika kwa muda unaotosha mtu kujua kama imemfaa. Tuseme msanidi wa Nchiru ametengeneza programu ya saa inayosoma saa za Kiswahili, ile hesabu ambayo saa nyingi za viwandani haziijui, ambapo jua likichomoza ni saa kumi na mbili na kazi za asubuhi huanza saa mbili. Siku ya thelathini, jioni, simu inaweza kuonyesha mara moja tu: programu hii imekusomea saa kwa siku 30, haina matangazo na haitumi taarifa zako popote, kuitunza kunagharimu shilingi 12,800 kwa mwaka, na hadi leo zimepatikana 4,300, ukipenda kumpa fundi kilemba, shilingi 100 zinatosha, usipopenda, gusa hapa, na hutaulizwa tena.

Maneno matatu ya mwisho ndiyo magumu zaidi kwa msanidi kuyaandika na kuyatimiza, kwa kuwa kila ushauri wa biashara atakaousoma utamwambia aulize mara ya pili, na mara ya tano. Mtumiaji aliyegusa kitufe cha kukataa ataendelea kuitumia programu ile kila saa ya siku, miezi kadhaa, bila neno lolote. Baadhi ya watumiaji wa aina hiyo, siku bonasi itakapoingia, wataifungua wenyewe programu kutafuta mahali pa kutolea, na msanidi anapaswa kuwa amepaacha mahali hapo pakionekana, pamoja na jina lake.